Ushirikishwaji wa umma Kenya: namna ya kutoa maoni yatakayobaki kwenye rekodi

Notisi hutoka kwenye ukurasa wa ndani wa gazeti, habari huwafikia watu siku mbili kabla ya mkutano, ukumbi unajaa, viongozi wanahutubia hadi saa sita, halafu wananchi wanagawiwa dakika mbili mbili. Jioni karani anaondoka na daftari la mahudhurio. Wiki kadhaa baadaye sahihi hizo zinaambatishwa kwenye ripoti kuthibitisha kwamba wananchi walishauriwa, na ukiipekua ripoti nzima hulioni hata neno moja ulilosema.

Mwongozo huu ni wa Mkenya anayetaka neno lake libaki. Ninausimamisha juu ya jambo moja: maoni yaliyoandikwa, yaliyotaja kifungu, yaliyopendekeza maneno mbadala na kupigwa muhuri wa kupokelewa yana maisha marefu kuliko hotuba yoyote ya ukumbini. Kamati inaweza kuyakataa, lakini haiwezi kudai hayakufika.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa yanayomfunga kila afisa wa serikali. Kifungu cha 118 kinalibana Bunge la Kitaifa na Seneti, cha 196 kinalibana bunge la kaunti, na cha 201 kinagusa fedha zote za umma. Kwa hiyo anayekualika kutoa maoni hakufanyii hisani.

Hatua ya kwanza: jua unachojadili, na saa yake

Watu wengi hushindwa hapa kabla hata ya kufungua kinywa. Wanaenda kwenye mkutano wa bajeti kulalamikia leseni, au kwenye mkutano wa mswada kuomba barabara. Kila jambo lina sheria yake, mlango wake na saa yake.

Mswada wa Bunge ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwa kamati inayohusika, na karani hutangaza magazetini na kwenye tovuti ya Bunge tarehe ya mwisho ya kupokea maoni. Muda huwa mfupi, na saa huandikwa wazi, mara nyingi saa kumi na moja jioni. Ukipeleka kesho yake umechelewa. Ukitaka kujua mapema, fuatilia orodha ya miswada iliyosomwa mara ya kwanza badala ya kungoja tangazo.

Kanuni ni jambo jingine. Hizi hutungwa na waziri au mamlaka chini ya sheria ambayo tayari ipo, na ndizo zinazomgusa mfanyabiashara mdogo, mkulima au dereva moja kwa moja: ada, leseni, masharti, faini. Utungaji wake unasimamiwa na sheria ya mwaka 2013. Kanuni zikitarajiwa kuwagharimu wananchi pakubwa, ni lazima iandaliwe taarifa ya athari zake, inayoeleza gharama, manufaa na njia nyingine zilizofikiriwa. Notisi hutolewa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na kwenye gazeti la kawaida, na muda wa maoni usipungue siku 14. Iombe taarifa hiyo hata kama hukuiona ikitangazwa. Mara nyingi ndimo utakamokuta kwamba serikali yenyewe ilikuwa na njia nafuu zaidi, ikaiacha.

Hata muda wa maoni ukikupita, kanuni hazijakuponyoka. Zikishachapishwa lazima ziwasilishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao, la sivyo zinapoteza nguvu. Bungeni kuna Kamati ya Sheria Ndogo inayozichunguza, na mojawapo ya mambo inayouliza ni kama wananchi walishauriwa. Barua yako kwa kamati hiyo, ikionyesha kwamba hamkushauriwa, ina uzito mkubwa. Wachache sana huutumia mlango huu, nami naona ni hasara kubwa.

Bajeti ya kaunti nayo huenda kwa kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya mkakati wa fedha huwasilishwa kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Zisome tarehe hizo kwa mpangilio wake. Mtu anayesimama kwenye mkutano wa Mei kuomba zahanati amechelewa miezi minane: orodha ya miradi ilianza kuundwa kabla ya Septemba, na kiasi cha kila idara kilipangwa Februari. Mkutano wa Mei unafaa kwa kuhamisha fedha kutoka kipengee kimoja hadi kingine, au kuhakikisha mradi ulioahidiwa haukuondolewa kimyakimya.

Miradi mikubwa, kama vile viwanda, barabara, machimbo na mabwawa, hupitia tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMA, yaani mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mazingira. Nitaieleza peke yake huko chini.

Hatua ya pili: pata hati yenyewe

Usitoe maoni juu ya ulichosimuliwa. Muhtasari uliochapishwa gazetini hauna jedwali la ada, na ujumbe unaosambazwa kwenye WhatsApp mara nyingi umechanganya mswada wa mwaka huu na wa mwaka jana.

Anza na ofisi ya karani wa bunge la kaunti, ofisi ya msimamizi wa wadi, au ya mwakilishi wadi wako. Hati za kitaifa utazipata kwenye tovuti ya Bunge au ya wizara husika. Ukizungushwa, andika ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Unaruhusiwa kuliandika kwa Kiswahili, hulipii ombi lenyewe, na huhitaji kueleza unaitakia nini habari hiyo. Mistari michache inatosha:

"Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala ya Mswada wa Fedha wa Kaunti pamoja na majedwali yake yote, na ripoti yoyote iliyotumika kukadiria mapato ya ada zilizopendekezwa."

Ofisi ina siku 21 za kujibu, na saa 48 pale habari inapohusu uhai au uhuru wa mtu. Utasema siku 21 ni nyingi kuliko muda wa kutoa maoni, na ni kweli. Andika hata hivyo, na siku hiyo hiyo peleka barua ya pili kuomba muda wa maoni uongezwe kwa sababu hujapewa hati. Barua mbili zenye mihuri, moja ikiomba hati na nyingine ikiomba muda, ni ushahidi mzito kwamba mlitakiwa kuchangia jambo ambalo hamkuonyeshwa. Ukinyimwa au ukanyamaziwa, lipeleke lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama Ombudsman.

Hatua ya tatu: soma ukianzia nyuma

Hati ya kurasa 60 humkatisha mtu tamaa. Anza na majedwali yaliyo mwishoni, maana huko ndiko ada, viwango na faini hukaa. Kisha soma sehemu ya adhabu. Halafu tafuta ni nani amepewa mamlaka ya kuamua, kufunga biashara, kunyang'anya mali au kusamehe ada, na kama kuna mahali pa kukata rufaa. Mwisho angalia sheria inaanza kutumika lini na aliye na leseni ya zamani atafanywaje. Hapo umeshaupata moyo wa mswada bila kusoma kila mstari.

Kama hati ni ya Kiingereza na wanakikundi hawaielewi vyema, gawaneni. Kila mmoja achukue kurasa chache awaelezee wenzake. Na liandikeni jambo hilo kwenye waraka wenu, kwamba hati haikutolewa kwa Kiswahili ilhali Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi chini ya Kifungu cha 7 cha Katiba.

Hatua ya nne: andika waraka ambao karani anaweza kuunakili

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Kamati ikimaliza kupokea maoni, makarani huketi na kuandaa jedwali. Safu moja inataja kifungu, nyingine inataja aliyetoa maoni na alichosema, nyingine sababu zake, na ya mwisho uamuzi wa kamati. Jedwali hilo ndilo linaloingia kwenye ripoti. Karani mwenye nyaraka 80 mezani atakuwa na kazi nyepesi kwa waraka uliokwisha kupangwa hivyo. Waraka wa insha ndefu ya malalamiko utafupishwa kuwa "alipinga mswada", basi.

Chukua mfano huu wa kubuni. Jedwali la mswada wa kaunti linasema: "Kila mwendeshaji wa bodaboda atalipa ada ya maegesho ya kila siku kwa kila kituo atakachokitumia."

Maoni yanayotolewa mara nyingi ni haya: "Sisi wanabodaboda tunapinga ada hii kwa kuwa maisha ni magumu na serikali haitujali." Uchungu ni wa kweli. Lakini kamati haina cha kufanya nayo. Haiwezi kuandika kwenye mswada kwamba maisha ni magumu.

Sasa yaandike hivi:

"Jedwali la Pili, kipengee cha 14. Tunapendekeza maneno 'kwa kila kituo atakachokitumia' yaondolewe, na mahali pake pawekwe 'mara moja kwa siku, bila kujali idadi ya vituo'. Sababu: mwendeshaji anayebeba abiria kutoka soko hadi hospitali na kurudi hupitia vituo vitatu kwa safari moja, hivyo atalipa ada mara tatu kwa siku moja ya kazi. Hakuna huduma ya ziada anayopata kwa malipo ya pili na ya tatu. Tumeambatisha hesabu ya mapato na matumizi ya siku saba ya wanachama sita."

Hapa kamati ina mambo matatu mkononi: mahali pa kurekebisha, maneno ya kuweka, na hesabu ya kujitetea mbele ya wenzao. Mwakilishi wadi anayetaka kuwasaidia amepata silaha, na asiyetaka atalazimika kueleza kwa nini hataki.

Mambo machache zaidi kuhusu waraka. Ukurasa wa kwanza utaje jina la kikundi au lako, eneo, mawasiliano, na jina kamili la mswada kama lilivyo kwenye notisi. Mkiunga mkono kifungu fulani, semeni hivyo pia, maana vifungu vizuri huondolewa dakika za mwisho kwa kuwa hakuna aliyevitetea. Toeni takwimu zenu wenyewe kuliko kunukuu za magazetini: risiti, daftari la mauzo, picha ya eneo, bei ya pembejeo. Na kama mnapinga mswada wote, ongezeni sehemu ya pili inayosema "endapo kamati itaamua kuendelea, tunapendekeza yafuatayo". Kuna wanaoona huko ni kulegeza msimamo, nami sikubaliani nao. Mswada ukipita bila pendekezo lenu la pili, mtakuwa mmekosa vyote.

Kuhusu wingi wa barua: nakala 200 za barua moja zilizopigwa fotokopi huhesabiwa kama hoja moja. Waraka mmoja wa kikundi wenye sahihi, ukisindikizwa na barua tano fupi za watu tofauti, kila mmoja akieleza hali yake, hufanya kazi zaidi. Mama muuza mboga na mwenye duka la jumla wanaguswa na ada ile ile kwa namna tofauti, na kamati inastahili kuwasikia wote wawili.

Hatua ya tano: wasilisha, upate muhuri

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na unarudi nayo. Ukituma kwa barua pepe, omba jibu la kuthibitisha na uhifadhi picha ya ujumbe uliotumwa. Usimpe mwakilishi wadi akupelekee, hata awe mtu mwema kiasi gani.

Hatua ya sita: siku ya mkutano

Nenda, hata kama umeshapeleka waraka. Mkutano una faida yake: unasikia wengine wanasema nini, unajua ni afisa gani anaelewa jambo, na unaingiza hoja yako kwenye kumbukumbu kwa mara ya pili.

Daftari la mahudhurio ndilo la kuangaliwa kwanza. Kabla ya kutia sahihi, soma kichwa cha ukurasa. Ukurasa usio na jina la mswada, tarehe wala mahali unaweza kuambatishwa popote. Ukiona hivyo, omba kichwa kiandikwe, au kiandike mwenyewe kwa kalamu juu ya jina lako. Piga picha.

Ukipewa nafasi, taja jina lako, eneo lako, na namba ya kifungu kabla ya neno lingine lolote. Sema jambo moja. Dakika mbili zinatosha kifungu kimoja, na zinapotea kabisa ukianza na shukrani kwa mheshimiwa. Gawaneni vifungu kabla ya kuingia ukumbini ili mwanakikundi wa pili asirudie ya wa kwanza. Ukimaliza, mkabidhi karani karatasi uliyokuwa ukiisoma. Zungumza lugha unayoimudu. Wao ndio wanaopaswa kuleta mkalimani, akiwemo wa lugha ya ishara.

Mmoja wenu asiseme chochote. Kazi yake iwe kuandika: mkutano ulitangazwa lini, ulianza saa ngapi, nani aliongoza, hati ziligawiwa au hazikugawiwa, wananchi walizungumza kwa muda gani, na kama watu walikatizwa. Maandishi haya ya siku ile ile huaminika kuliko kumbukumbu za miezi sita baadaye. Na kama wahudhuriaji wamepewa nauli, ichukueni bila wasiwasi. Haimnunulii mtu ukimya wenu.

Miradi: pale ardhi, maji na hewa vinapoguswa

Mradi mkubwa unapofanyiwa tathmini kamili ya mazingira, kanuni za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi kubandika mabango katika eneo, kutangaza magazetini kwa wiki mbili mfululizo, kutangaza redioni kwa lugha rasmi na ya wenyeji, na kufanya angalau mikutano mitatu na wanaoathirika. Ripoti ikishafika NEMA, notisi nyingine hutolewa kueleza mahali pa kuisoma na muda wa kupeleka maoni, ya maandishi au ya mdomo. Mikutano ya mwenye mradi na maoni kwa NEMA ni mambo mawili tofauti. Kuhudhuria ya kwanza hakumalizi haki yako kwenye ya pili.

Kwenye ripoti, soma sehemu ya njia mbadala, sehemu ya mpango wa kudhibiti athari, na viambatisho vya mikutano. Utafute mkutano wa kijiji chenu. Angalia tarehe na majina, na ulinganishe na mliyokubaliana. Kama mkutano ulifanyika kabla ya utafiti kukamilika, liandike hilo kwa herufi nzito. Kesi ya Lamu iligusa hapo hapo. Mradi wa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulikuwa umepata leseni ya NEMA mwaka 2016. Wakazi, wakiongozwa na shirika la Save Lamu, walikata rufaa, na mnamo Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni hiyo. Jopo lilisema mikutano ya awali ya utambulisho, iliyofanyika kabla ya utafiti, haiwezi kuhesabiwa kuwa ushauriano juu ya matokeo ya utafiti. Mtu hawezi kuchangia athari asizoonyeshwa bado.

Mradi ukihitaji ardhi yenu kwa lazima, kuna utaratibu mwingine chini ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi, wenye notisi kwenye Gazeti Rasmi na kikao cha kusikiliza madai ya fidia. Madai yenu yawe yamefika kwa maandishi kabla ya kikao kuisha siku hiyo. Usingoje kuitwa.

Maoni yakipuuzwa

Kwanza tafuta ripoti ya kamati na usome lile jedwali. Kama hoja yako imo na imejibiwa kwa sababu, hata kama umekataliwa, ujue mahakama haitakusaidia sana. Katika uamuzi wa 2019 kuhusu kanuni za tumbaku, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ushirikishwaji lazima uwe wa kweli wala usiwe wa kupamba, wenye notisi ya kutosha na nafasi halisi ya kusikilizwa. Kesi yenyewe ililetwa na kampuni kubwa ya sigara iliyosema haikushauriwa vya kutosha, nayo ikashindwa. Kusikilizwa ni haki yako, lakini hakumlazimishi anayekusikiliza kukubaliana nawe.

Kama hukusikilizwa kabisa, hali ni nyingine. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, chini ya Jaji George Odunga, ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kukosa ushirikishwaji. Jaji alitaka kaunti iwafikie watu kwa njia nyingi iwezekanavyo, zikiwemo makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha za mama. Tangazo moja la gazeti halikutosha.

Kabla ya mahakama kuna ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi. Kifungu cha 119 cha Katiba kinamruhusu yeyote kuliomba Bunge lishughulikie jambo lililo ndani ya mamlaka yake, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inatoa haki hiyo hiyo kwa kaunti. Ni njia ya polepole lakini haina gharama, na majibu yake huingia kwenye kumbukumbu rasmi.

Kwa leseni ya mazingira, rufaa hupelekwa kwa jopo ndani ya siku 60, kwa hiyo ukisikia leseni imetolewa, ulizia tarehe yake kabla ya kuulizia kitu kingine. Kwa kesi ya kutetea haki iliyo kwenye Sura ya Haki ya Katiba, kama ile ya kupata habari, Kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kuifungua, na unaweza kuifungua kwa niaba ya kikundi au umma. Wakili atakayekupokea ataomba vitu hivi: notisi, hati yenyewe, nakala ya waraka wenye muhuri, ombi la habari na tarehe yake, picha za daftari la mahudhurio, maandishi ya yule mwenzenu aliyekaa kimya mkutanoni, na ripoti ya kamati. Viwekeni kwenye faili moja tangu siku ya kwanza, na nakala nyingine kwa mtu wa pili.